Kazi ya Miezi Mitatu Isinunuliwe kwa Usalama wa Maisha Yote





Kila mwaka joto la kiangazi linapopungua, matangazo ya aina moja huanza kuzunguka katika jumuiya zetu sisi tunaosali kwa Kiswahili hapa Marekani. Hubandikwa kwenye ubao wa parokia, na hupitishwa kwa simu kutoka ndugu hadi ndugu. Yanasema kwamba kazi ipo: ni ya kupokea simu za wateja, huhitaji kutoka nyumbani, huhitaji gari, na watu wenye ulemavu wanakaribishwa kwa namna ya pekee. Mwisho wa tangazo, kwa herufi ndogo, huandikwa kwamba kazi ni ya msimu.

Kwa mama ambaye mgongo wake uliharibika kiwandani, kwa kijana asiyeona, kwa mzee aliyepoteza mguu katika vita vya Kivu akapitia kambini kabla ya kufika hapa, tangazo la namna hiyo ni kama sauti ya mtu anayeliita jina lake. Kwa miaka mingi ameambiwa kwamba hana kazi anayoiweza, na sasa anaambiwa kwamba anahitajika. Ndiyo maana hatutaki kulidharau tangazo hilo wala furaha anayoipata anayelisoma.

Lakini tumeulizwa mara nyingi: ndugu yetu anayepokea mafao ya ulemavu aikubali kazi hii au aikatae? Jibu letu ni refu kidogo, na halitawapendeza wote. Kazi yenyewe hatuilaumu. Tunaulaumu mpango unaomtwisha aliye dhaifu kuliko wote hatari yote, ili wenye nguvu wapate watu wa kupokea simu kwa majuma kumi na mawili.

1. KAZI YENYEWE NI YA NAMNA GANI

Kazi hizi zina majira yake kama kilimo. Wazee na wenye ulemavu walio katika bima ya Medicare huruhusiwa kubadili mipango yao kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi tarehe 7 Desemba, na katika siku hizo simu hazinyamazi. Hufuata manunuzi ya Noeli, kisha msimu wa kodi unaoishia katikati ya Aprili. Kampuni huhitaji maelfu ya watu kwa muda mfupi, na mavuno yakiisha haziwahitaji tena. Zamani zililazimika kukodi majengo na kuyajaza viti na mezani simu. Siku hizi jengo ni chumba cha mfanyakazi, kiti ni chake, umeme ni wake, na mara nyingi hata kompyuta na intaneti ni vyake.

Wako waajiri wanaowaandika watu hawa kuwa waajiriwa halali, wakawapa vifaa na kuwalipa hata siku za mafunzo. Hao tunawasifu. Wako wengine wanaowaita wakandarasi huru. Neno hilo "huru" litazamwe vizuri. Mkandarasi huru hana kima cha chini cha mshahara kinachomlinda, hana malipo ya saa za ziada, na kazi ikiisha kwa kawaida hana bima ya kukosa kazi. Pengine hujilipia mafunzo na uchunguzi wa historia yake kabla hajapata hata senti moja. Kodi ya hifadhi ya jamii na Medicare, ambayo mwajiriwa huchangiana nusu kwa nusu na mwajiri wake, yeye huibeba yote peke yake, nayo ni asilimia 15.3. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ilifikia makubaliano na kampuni moja ya mawakala wa simu wa nyumbani, ikakubali kulipa dola milioni 7 baada ya kushtakiwa kwamba iliwapotosha watu juu ya kipato ambacho wangekipata. Basi hatusemi habari za kubuni.

Tazameni ajabu yake: anayemweleza mzee wa Ohio mambo ya bima yake ya afya mara nyingi ni mtu ambaye mwenyewe hapewi bima yoyote na anayemtumikia.

2. DARAJA LA MIEZI TISA

Ili tuelewe hatari iko wapi, inatupasa kujua kwamba mafao ya ulemavu ni ya aina mbili. Ya kwanza ni SSDI, iliyoanzishwa mwaka 1956. Hii ni bima: mtu amefanya kazi, amekatwa mchango katika mshahara wake, kisha akapata ulemavu. Anachopokea si sadaka ya mtu, alikilipia. Ya pili ni SSI, iliyoanza mwaka 1974 kwa ajili ya wazee, wasioona na wenye ulemavu walio maskini, hata kama hawakuwahi kuchangia. Wengi wa ndugu zetu waliokuja wakiwa wakimbizi wako katika hii ya pili.

Anayepokea SSDI hupewa miezi 9 ya kujaribu kazi, inayohesabiwa ndani ya kipindi cha miezi 60. Katika miezi hiyo haijalishi amepata kiasi gani. Fao lake huendelea kulipwa lote. Kwa mwaka 2025, mwezi wowote aliopata zaidi ya dola 1,160 ulihesabiwa kuwa mwezi wa majaribio. Na ikiwa amejiajiri, basi mwezi aliofanya kazi zaidi ya saa 80 nao huhesabiwa, hata kama faida aliyobaki nayo mkononi ni ndogo. Wanaoitwa wakandarasi huru walikumbuke sana hilo.

Tunakiri kwamba nia ya sheria ilikuwa njema. Miezi tisa ilitungwa iwe daraja, mtu avuke taratibu kutoka kwenye fao hadi kwenye kazi ya kudumu. Lakini tuchukue mfano. Mama anapata kazi ya msimu kwa dola 15 kwa saa, anafanya saa 100 kwa mwezi, anapata dola 1,500. Oktoba, Novemba na Desemba: miezi mitatu imetumika. Januari simu inanyamaza. Mwaka unaofuata anaitwa tena, miezi mitatu mingine. Mwaka wa tatu vivyo hivyo. Sasa miezi tisa imekwisha yote, wala haikuwa lazima ifuatane. Na mama huyo hayuko ng'ambo. Kila mara alifika katikati ya daraja akarudishwa, na mara ya tatu daraja likaondolewa.

Baada ya hapo huanza kipindi cha miezi 36 ambamo kipimo ni kingine. Mwaka 2025, kwa asiye kipofu, kipimo kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi. Mara ya kwanza anapokizidi, sheria humwachia mwezi huo na miwili inayofuata. Kisha kila mwezi anaokizidi hukosa fao la mwezi huo. Na miezi 36 ikiisha, mwezi mmoja tu wa kuzidi, labda kwa sababu ya saa za ziada za Noeli alizoombwa na msimamizi wake, unaweza kuufunga mlango.

Hivyo mtu ametumia ulinzi uliowekwa kwa ajili ya kazi ya kudumu, na hakupata kazi ya kudumu. Mwajiri hakupoteza kitu. Hakuulizwa ni miezi mingapi ya jirani yetu aliyoitumia.

3. SHERIA INAYOMKATAZA YUSUFU KUWEKA NAFAKA

Kwa mwenye SSI hesabu ni tofauti, nayo ni kali zaidi. Mwaka 2025 fao kamili la serikali kuu kwa mtu mmoja lilikuwa dola 967 kwa mwezi. Akifanya kazi, huachiwa dola 20 za kwanza na dola 65 za ujira, kisha hukatwa nusu ya kila kinachobaki. Akipata dola 885, hukatwa 400. Tungeweza kuliita jambo hili la haki kama viwango vyenyewe vingekwenda na wakati. Lakini dola 20 na dola 65 hizo ndizo zilizoandikwa tangu mpango ulipoanza mwaka 1974. Nusu karne imepita, mkate umepanda bei mara nyingi, na sheria haijasogea hata kwa senti.

Tena kuna kipimo cha akiba. Anayepokea SSI haruhusiwi kuwa na mali inayozidi dola 2,000, au dola 3,000 kwa mume na mke. Nyumba anamoishi na gari moja havihesabiwi, lakini fedha ya benki huhesabiwa. Kiwango hicho hakijabadilika tangu mwaka 1989. Kama kingefuata kupanda kwa bei, leo kingekuwa zaidi ya dola 5,000.

Tafakarini maana yake kwa kazi ya msimu. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 41, Yusufu anamshauri Farao aweke nafaka katika miaka ya shibe kwa ajili ya miaka ya njaa. Mkulima yeyote kule nyumbani hufanya hivyo bila kusoma shule. Mfanyakazi wa msimu naye ingempasa afanye hivyo: miezi mitatu ya ujira iwe akiba ya miezi tisa ya ukimya. Lakini ndugu yetu wa SSI akiweka akiba kwa busara ya Yusufu, atakatwa. Akila vyote kwa pupa, ataachwa. Sheria imeifanya busara kuwa kosa na ubadhirifu kuwa kinga. Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, akilea huchukuliwa na mwewe. Hapa mwewe ameandikwa katika sheria.

Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 2014 iliruhusu akaunti maalumu ziitwazo ABLE, ambamo mwenye ulemavu aweza kuweka akiba bila kukatwa. Lakini ziliwekwa kwa wale tu waliopata ulemavu kabla ya kutimiza miaka 26, na tangu Januari 2026 umri huo umepandishwa hadi miaka 46. Tunalishukuru badiliko hilo. Aliyevunjika mgongo akiwa na miaka 50 bado yuko nje.

Kwa mkimbizi kuna mzigo wa ziada. Kwa kawaida yeye hupewa SSI kwa miaka 7 tu, na asipopata uraia katika muda huo, malipo husimama. Kwa hiyo wako kati yetu walio na saa mbili zinazohesabu juu ya vichwa vyao kwa wakati mmoja.

4. HOJA ZINAZOPINGWA

Wako wanaosema: "Nusu shari kuliko shari kamili, kazi ya miezi mitatu ni bora kuliko kukaa bure." Tunawajibu kwamba ingekuwa hivyo kama kazi hiyo isingekuwa na bei nyingine iliyofichwa. Anayenunua mbuzi huonyeshwa mbuzi na kuambiwa bei. Ndugu zetu wanaonyeshwa mbuzi tu.

Wako wanaosema, hata ndani ya parokia, kwamba wenye ulemavu wanaogopa kazi kwa sababu wameizoea fedha ya bure. Maneno haya tunayakataa kabisa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mtu anayehesabu mara mbili kabla ya kuhatarisha kodi ya nyumba na dawa zake si mvivu. Ni mtu anayejua hesabu. Malipo yaliyozidi hudaiwa, na mara nyingi mtu huyajua miezi mingi baada ya kuyatumia. Kwa wenye SSDI, mwaka 2024 kiwango cha kawaida cha kukata deni hilo kilishushwa hadi asilimia 10 ya fao; mwaka 2025 kikapandishwa hadi nusu. Nani kati yetu angelala usingizi akijua kwamba nusu ya mshahara wake yaweza kukatwa kwa kosa la hesabu?

Wako pia wanaosema, na hawa ni watu wa kuheshimiwa, kwamba sheria ya mwaka 1999 iliweka misaada: mpango wa Ticket to Work, washauri wa mafao wasiotoza fedha, na haki ya kurudishiwa fao kwa njia ya mkato ndani ya miaka 5. Ni kweli, na tunawasihi wote waitumie. Lakini kamba ya kuokolea haisaidii kama hakuna aliyekuambia kwamba ipo, au kama imeandikwa kwa lugha usiyoijua. Tangazo la kazi hutafsiriwa kwa Kiswahili upesi. Kanuni za mafao hazitafsiriwi upesi hivyo.

5. KANISA LINAFUNDISHA NINI

Katika waraka wa Laborem Exercens wa mwaka 1981, namba 22, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba mtu mwenye ulemavu ni nafsi kamili mwenye haki zake zote, kwamba kazi ifunguliwe kwake kadiri ya uwezo wake, na kwamba jamii inayowapokea kazini wazima peke yao inaukana ubinadamu. Waraka huohuo unafundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu.

Basi kuna makosa mawili, na sisi tunayakataa yote mawili. La kwanza ni kumfungia mlemavu nje ya kazi kana kwamba hana cha kutoa. La pili ni kumwingiza kwa mlango wa uani, kwa msimu, bila ulinzi, kisha kujisifu hadharani kwamba amekaribishwa. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinakataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu. Kikwazo cha siku hizi si jiwe la njiani. Ni mkataba ambao madhara yake kwa fao hayakuelezwa. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inamtaka mwajiri amlipe kibarua kabla jua halijatua, kwa maana ni maskini na moyo wake unautegemea ujira huo. Mwandishi mtakatifu alijua kwamba kwa maskini tarehe ya malipo nayo ni sehemu ya haki.

6. TUNACHODAI

Kwa serikali na wabunge wake: kiwango cha akiba cha mwaka 1989 kiondolewe au kipandishwe. Miswada ya kukipandisha hadi dola 10,000 kwa mtu mmoja imekwisha kuletwa katika Congress zaidi ya mara moja. Haikukosa hoja, ilikosa wa kuisukuma. Viwango vya dola 20 na 65 vifuate bei. Na kazi ambayo mwajiri mwenyewe ameiandika kuwa ya msimu isiile miezi ya majaribio iliyowekwa kwa ajili ya kazi ya kudumu.

Kwa waajiri: anayepangiwa saa, kusikilizwa simu zake na kupimwa kila dakika si mkandarasi, ni mwajiriwa, na aandikwe hivyo. Asitozwe fedha ili apate kazi. Alipwe siku za mafunzo. Apewe hati ya mapato ya kila mwezi iliyo wazi, ili atoe taarifa bila kukosea. Na wale waliofanya vizuri misimu miwili wafikiriwe kwa nafasi za kudumu. Kama kweli mnawathamini, mbona mwawathamini kuanzia Oktoba hadi Desemba tu?

Kwa sisi wenyewe: tuache kubandika tangazo lolote kwenye ubao wa parokia kabla ya kuliuliza maswali. Kila jumuiya ndogo ndogo imteue mtu mmoja wa kumsindikiza ndugu mwenye ulemavu kwa mshauri wa mafao kabla hajatia sahihi, na wa kumsaidia kutafsiri barua. Mwenye SSI akumbushwe kwamba ujira wa mwezi hutolewa taarifa kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata kupita, na nakala ya kila karatasi itunzwe. Tena parokia na shule zetu zijichunguze: sisi tunaodai kazi za kudumu kwa walemavu, tumemwajiri nani? Katika ofisi ya parokia simu hulia mwaka mzima.

7. HITIMISHO

Ndugu wapendwa, aliyeuliza kama aikubali kazi hii tunamwambia: ikubali ukiwa umehesabu, na usihesabu peke yako. Ukiikataa, hakuna mwenye haki ya kukuita mvivu. Ukiikubali, hakuna mwenye haki ya kukuacha ukianguka.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana anamwagiza mwenye karamu awaalike maskini, vilema, viwete na vipofu. Hakumwagiza awaalike wahudumu kwa miezi mitatu wakati wageni ni wengi, kisha awatoe nje sahani zikiisha kuoshwa. Aliwataka wakae mezani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Ni nani kati yetu anayepokea mafao ya ulemavu, na ni nani anayejua mahangaiko yake?

2. Katika jumuiya yetu, je, tumewahi kumsema vibaya ndugu aliyekataa kazi kwa kuogopa kukatwa fao?

3. Ni nani atakayekuwa msindikizaji wetu, na ataanza lini?

4. Je, tuko tayari kumwandikia mbunge wetu barua moja, kwa jina la jumuiya, kuhusu kiwango cha akiba cha mwaka 1989?